Hela ya mzigo na mishumaa ya foreksi



Wiki hii nimepata meseji inboksi kutoka kwa dada mmoja wa Morogoro anayeuza manukato na mafuta ya mwili mtandaoni. Ana laki tisa taslimu. Alikuwa aagize mzigo, lakini kuna kijana amemwonyesha kutredi foreksi kwa siku, yaani unafungua tredi asubuhi na kabla ya kulala umeshafunga zote. Amefundishwa chati kwa wiki tatu. Akaniandikia hivi: "Dada, mishumaa nimeanza kuielewa, naona kabisa bei inakoelekea. Niweke yote au nusu?"

Nilimwambia asubiri, nitaandika hapa kwa sababu si yeye peke yake. Mwezi haupiti bila meseji ya aina hii. Na wanaouliza si watu wavivu, ni watu wanaouza kweli, wamechoka na wateja wa "nitakucheki baadaye", wanaona mtu kwenye WhatsApp anaposti faida ya dola 80 aliyoipata akiwa kitandani.

Msimamo wangu nautoa mapema ili mwenye haraka asipoteze bando. Kusoma mwenendo wa bei kwenye chati ni ujuzi wa kweli. Nasoma mpaka leo na simcheki anayejifunza. Ila kazi yake kubwa ni kukuonyesha mahali pa kukubali kwamba umekosea, na ili ikulipe lazima uwe na uwezo wa kukosea mara nyingi bila kuumia. Mtu mwenye hela ya mzigo hana uwezo huo. Mimi sikuwa nao, na nitawaambia ilivyokuwa.

Kwanza chati yenyewe, maana wengi wanaitukana bila kuijua.

Mshumaa mmoja kwenye chati unabeba bei nne: bei ya kufungua, bei ya kufunga, bei ya juu kabisa iliyoguswa na bei ya chini kabisa. Ukichagua dakika 15, kila mshumaa ni habari ya dakika 15. Ukichagua siku, kila mshumaa ni siku nzima. Sehemu nene ni mwili, unatoka bei ya kufungua hadi ya kufunga. Kijistari kinachochomoza juu au chini ni utambi.

Sisi tunaouza vitu tunaielewa hii haraka kuliko watu wa ofisini, kwa sababu mshumaa ni kumbukumbu ya kupatana bei tu. Chukua mkoba. Asubuhi nimeuweka elfu 35. Saa nne nimeona maswali ni mengi nikapandisha elfu 45, mmoja mwenye haraka ya zawadi akanunua. Baada ya huyo, kimya. Mpaka jioni nimerudi elfu 36 ndipo watu wakaanza kulipia tena. Chora siku hiyo: mwili mfupi, kutoka 35 hadi 36, na utambi mrefu juu mpaka 45. Utambi unasimulia kwamba bei ilijaribu kwenda juu, soko likaikataa. Hakuna uchawi hapo.

Sasa mkoba huo huo nikiuweka elfu 28, unaisha kabla sijamaliza kujibu meseji. Nikiuweka elfu 48 naulizwa "bei ya mwisho?" halafu tiki za bluu, basi. Kwa hiyo elfu 28 ni sakafu, wanunuzi wanajaa pale. Elfu 48 ni dari, wanunuzi wanachoka pale. Matreda wanaita sapoti na rezistansi, wanachora mistari ya rangi, lakini wewe umekuwa unaijua siku zote kwa uzoefu wa mikoba yako au vitenge vyako. Bei ikiwa kwenye safari ya kupanda inaacha vilele vinavyozidi kwenda juu, na kila ikishuka kupumzika inaishia juu ya pale iliposhukia mara iliyopita. Ikianza kushindwa kufanya hivyo, safari inakaribia kuisha, au angalau imechoka.

Mishumaa hii asili yake ni kwa wafanyabiashara wa mchele wa Japani. Soko la mchele la Dojima kule Osaka lilitambuliwa rasmi na serikali mwaka 1730, na watu pale walikuwa wakifanya biashara hata ya mchele ambao haujavunwa. Nchi za Magharibi walikuja kuifahamu vizuri baadaye sana, kupitia kitabu cha Mmarekani Steve Nison cha mwaka 1991. Napenda kuikumbuka hii kwa sababu kuna vijana wanaiuza kama siri mpya iliyovuja juzi, kozi laki mbili. Siri gani? Ni hesabu za wauza mchele.

Basi. Mimi nilifundishwa na shemeji yangu. Alinikuta nafunga mikoba ya wateja wa mikoani saa tano usiku, macho mekundu, akaniambia, "Shem, unateseka na mabegi wakati akili unayo." Simlaumu. Alikuwa anaamini, na yeye mwenyewe aliumia kabla yangu, ila hakusema.

Nilijifunza kwenye akaunti ya demo mwezi mmoja na nusu. Nilipata faida. Hapo kichwa kikavimba. Nilikuwa nimekusanya milioni moja na laki saba kwa ajili ya mzigo wa Idd: laki saba zangu, milioni moja mkopo wa kikoba. Mume wangu alijua habari ya mkopo, alijua ni wa mikoba. Nikaiweka yote kwa broka, ikasoma kama dola 700.

Wiki ya kwanza nikapata dola 60, nikazitoa. Nikanunua nyama, nikalipa umeme, nikamwonyesha mume wangu "hela ya mkoba wa bei". Uongo mdogo. Wiki ya pili, Ijumaa ya kwanza ya mwezi, nikaona mshumaa mzuri sana kwenye euro na dola, chati ya dakika 15. Bei imeshuka mpaka kwenye sakafu yangu niliyoichora tangu Jumatano, ikaacha utambi mrefu chini, mwili mdogo juu. Kitabuni huo ni mshumaa wa kununua. Nikanunua nusu loti.

Ngoja niwape hesabu ya nusu loti, kwa sababu hapa ndipo watu wanafia bila kujua walichoshika. Loti moja ya kawaida ni euro 100,000. Nusu loti ni euro 50,000. Mimi mwenye dola 700 nilikuwa nimeshika mzigo wa euro 50,000, kwa sababu broka alinipa levereji ya 1 kwa 500, akashika dola mia moja na kidogo tu kama dhamana. Kila bei ikisogea pipu moja, yaani ile tarakimu ya nne baada ya nukta, mimi napata au napoteza dola 5. Na euro kusogea pipu 50 kwa siku ni jambo la kawaida kabisa. Ni kama uende Kariakoo na laki moja, upewe mzigo wa milioni hamsini, halafu uambiwe bei yake ikitetereka kidogo tu hasara ni yako yote.

Stopu losi niliiweka pipu 20 chini. Kwa hiyo nilikuwa tayari kupoteza dola 100 kwenye tredi moja, karibu shilingi laki mbili na nusu. Laki mbili na nusu! Mimi ambaye nabishana na bodaboda kwa ajili ya mia tano.

Nilichokuwa sikijui, au nilichokuwa nimekisikia nikakipuuza, ni kwamba Ijumaa ya kwanza ya mwezi mara nyingi ndiyo siku Marekani wanatoa takwimu za ajira. Kwa saa zetu ni saa tisa na nusu alasiri, na wao wakiwa kwenye majira yao ya baridi ni saa kumi na nusu. Dakika hiyo dola inaruka kama kuku aliyekatwa kichwa. Saa tisa na dakika ishirini na nane nimetulia na chai yangu. Saa tisa na dakika thelathini na moja bei iko karibu kabisa na stopu losi yangu. Nikaisogeza chini. Ikaifuata. Nikaisogeza tena. Nilipokubali kufunga, pipu 48 zimeondoka, dola 240.

Mtu mwenye akili angezima simu. Mimi nikafungua loti nzima ili zirudi haraka. Loti nzima ni dola 10 kwa kila pipu. Haikumaliza hata saa moja. Tredi ikafungwa yenyewe kwa sababu salio halikutosha tena kuishikilia, na akaunti ikabaki na dola themanini na kitu.

Na mnajua kinachouma? Jumatatu bei ilikuwa imerudi, imepita hata pale niliponunua. Sakafu yangu ilikuwa sahihi. Utambi ulikuwa sahihi. Mimi sina hela.

Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba kosa lilikuwa ni kutovumilia. Ndivyo wengi wanavyojiambia, na ndiyo maana wanarudi na hela nyingine. Siku hizi naona tofauti. Chati ilinipa mahali pa kutokea tangu mwanzo, pipu 20 chini, nikapakataa mara mbili. Ningetoka pale ningepoteza dola 100 na bado ningekuwa na 600. Na kama nusu loti ingekuwa loti ya 0.01, pipu 20 zile zingekuwa dola 2. Mbili tu. Ningenung'unika nikanywa chai yangu.

Idd ikaja sina mzigo. Nilienda Kariakoo kwa mama mmoja wa duka la jumla ambaye nachukua kwake mikoba miaka yote, nikamwomba mali kauli. Akaniangalia.

"Mwanangu, hela imeenda wapi?"

"Nimepata matatizo, mama."

Hakuuliza matatizo gani. Alinipa dazeni mbili, akasema Ijumaa anataka chake. Nililia kwenye daladala ya Mbagala nikiwa nimepakata mabegi. Mkopo wa kikoba niliumaliza baada ya miezi saba, na mume wangu nilimwambia ukweli mwezi wa nne, siku alipoanza kunihesabia mwenyewe mauzo akaona hayalingani na marejesho. Hayo mazungumzo nitayaacha nyumbani.

Sasa kuna watakaosema: dada, hayo ni makosa yako, mwenye nidhamu anapata. Wapo wanaopata, sikatai. Lakini tutazame walio wengi. Watafiti watatu wa Brazil, Chague, De-Losso na Giovannetti, walichukua watu walioanza kutredi kwa siku soko la nchi yao kati ya 2013 na 2015 wakawafuatilia. Waliodumu zaidi ya siku 300 za soko walikuwa 1,551. Hao ndio wavumilivu, waliokata tamaa mapema hawamo kwenye hesabu hiyo. Asilimia 97 yao walipata hasara. Waliopata zaidi ya kima cha chini cha mshahara cha Brazil walikuwa asilimia 1.1. Na Ulaya, mamlaka ya masoko iliyoweka masharti mapya mwaka 2018 ilikuta akaunti za watu wa kawaida kwenye bidhaa za aina hii zinapata hasara kwa asilimia 74 hadi 89, ndipo wakapunguza levereji mpaka 1 kwa 30 kwa sarafu kubwa. Mimi nilipewa 1 kwa 500 na nikaona nimependelewa.

Kuna anayejibu kwamba hata maduka mengi yanakufa. Kweli. Ila mkoba usipotoka Idd, unao. Utauza kwa hasara, utampa wifi yako, utaweka ofa ya sikukuu nyingine. Tredi ikifa haikuachii hata mfuko wa kubebea.

Halafu kuna gharama ambayo haisemwi kwenye zile picha za faida. Broka anakuuzia kwa bei moja na kununua kwako kwa bei ya chini kidogo, tofauti hiyo wanaita spredi. Tuseme ni pipu moja na nusu. Ukitredi loti ya 0.1, kila pipu ni dola 1, kwa hiyo kila tredi unaanza ukiwa umeshatoa dola moja na nusu. Tredi tano kwa siku ni dola saba na nusu. Siku 20 za soko ni dola 150. Kwa akaunti ya dola 700 hiyo ni zaidi ya asilimia 20 ya mtaji kila mwezi, upate usipate. Ni kodi ya fremu hiyo. Fremu ambayo haina hata mlango! Wengi tulikimbilia mtandaoni tukikwepa kodi ya fremu, halafu tunaenda kuilipa kwa broka bila kuiona. Na kadiri unavyotredi chati za dakika ndogo ndivyo unavyoilipa mara nyingi.

Jambo jingine ni saa, na hili ni la kwetu hasa sisi wa mtandaoni. Soko la sarafu linachangamka London ikifungua, saa nne au saa tano asubuhi kwetu kutegemea majira yao, na linachemka zaidi New York ikiingia kuanzia alasiri mpaka jioni. Sasa jiulize wateja wako wanakuandikia saa ngapi. Mimi wangu ni kuanzia saa tisa mpaka saa tatu usiku, wakitoka kazini. Yale majuma mawili ya kutredi nilikuwa nafungua meseji nikaacha kuzijibu kwa sababu jicho liko kwenye mshumaa. Niliporudi nyuma kuhesabu, wateja 11 waliuliza bei nikawaonea tu. Kumi na mmoja. Sina haja ya mtafiti wa Brazil kuniambia ni shilingi ngapi hizo.

Na ile sakafu jamani, msiiamini kama ukuta wa zege. Mfano mkubwa ni Uswisi. Tangu Septemba 2011 Benki Kuu yao ilitangaza haitaruhusu euro ishuke chini ya faranga 1.20. Kwa zaidi ya miaka mitatu ukiangalia chati unaona sakafu iliyonyooka, na nyuma yake kuna benki kuu nzima. Matreda wakajaa kununua karibu na 1.20, stopu losi zao chini kidogo. Tarehe 15 Januari 2015 benki ikatangaza imeacha. Ndani ya dakika chache euro ilikuwa imeanguka vibaya, na zile stopu losi hazikufungwa kwenye bei zilizoandikwa kwa sababu kwenye bei hizo hapakuwa na mtu wa kununua. Watu waliamka wanadaiwa na mabroka. Kampuni kubwa moja ya foreksi ya Uingereza ikafilisika. Kama sakafu ya benki kuu ilivunjika, hii uliyoichora wewe kwa kidole kwenye simu yenye kioo kilichopasuka?

Najua mtaniuliza, sasa kwa nini bado unasoma chati? Nasoma, na nina akaunti yenye dola 200 ambazo ni faida ya mikoba. Si mtaji wala mkopo, na ikifa leo hakuna atakayelala njaa. Tredi moja hairuhusiwi kunila zaidi ya asilimia moja, yaani dola 2. Kwanza naangalia chati ya siku nione safari ni ya kupanda au kushuka, ndipo nashuka chati ya masaa manne. Dakika 15 sigusi, kelele ni nyingi mno mle. Kabla sijabonyeza naandika kwenye daftari la kawaida, lile la kurasa 96: kwa nini naingia, natoka wapi nikikosea, natoka wapi nikipatia. Nikishindwa kuandika sababu kwa sentensi moja, siingii. Stopu losi ikishawekwa haisogezwi chini hata bei inibembeleze vipi. Siku za takwimu kubwa za Marekani nafunga mapema nikahudumie wateja. Kwa mwezi nafungua tredi nne au tano. Huwezi hata kuniita treda wa siku tena, na sawa tu. Mwaka jana daftari lilinionyesha nimepata dola 23. Kwa mwaka mzima. Kichekesho, lakini ni dola 23 za kweli, na nilijifunza kukaa na hasara ndogo bila kuigeuza kubwa.

Kama na wewe unataka kujifunza, jifunze kwenye demo miezi mitatu, siyo mwezi na nusu wangu. Demo iwe na hela sawa na uliyo nayo kweli. Wanakupa dola 10,000 za kuchezea halafu unazoea kutembea kama tajiri. Vikundi vya signali vya Telegram viache. Anayekutumia "nunua sasa" hajui una shilingi ngapi na hatakuwepo ikigeuka. Anayesema mpe nywila yako akutredie mgawane faida, huyo mkimbie. Na broka kagua leseni yake kwa mamlaka yenyewe, usitazame nembo aliyobandika kwenye tovuti. Wenzetu wa Kenya wana kanuni za foreksi ya mtandaoni tangu 2017 na mamlaka yao ya masoko ya mitaji ndiyo inayotoa leseni. Sisi wa Tanzania ulizia kwa CMSA na Benki Kuu kabla hujatuma hata elfu kumi.

Ila kuna chati moja ambayo nadhani kila muuzaji wa vitu vya kutoka nje angeisoma, hata asiyetredi kabisa. Chati ya dola na shilingi. Mnakumbuka mwaka 2024, dola ilivyopanda hadi ikapita 2,600, halafu mwishoni mwa mwaka ikarudi karibu na 2,400. Walioagiza mzigo mkubwa pale juu kwa hofu kwamba dola itapaa milele walijikuta Desemba wanashindana na watu walioagiza kwa bei nafuu. Sisemi ungejua itashuka. Mimi sikujua. Lakini kila Jumapili nafungua chati ya wiki ya dola na shilingi, naangalia safari iko wapi, na kama bei imepanda mfululizo bila kupumzika nagawa oda yangu mara mbili, nusu sasa, nusu baada ya wiki tatu. Nikikosea, nimekosea nusu. Ni mambo yale yale ya mishumaa, ila hapa hakuna anayenipa levereji, na mwisho wake kuna mikoba ndani ya nyumba.

Na chati ya pili ni ya bidhaa zako mwenyewe. Daftari lile lile, ukurasa wa nyuma naandika kila mkoba: bei niliyoanzia, ya juu niliyopata, ya chini, ya mwisho. Bei nne. Baada ya miezi mitatu niliona mikoba midogo ya begani sakafu yake inapanda, na ile mikubwa ya ofisini vilele vinashuka kila mwezi. Nikapunguza mikubwa kabla haijanidodea. Hii tredi ndiyo iliyonilipia marejesho ya mwisho ya kikoba.

Kwa hiyo dada wa Morogoro, jana usiku nimekujibu: laki tisa yote agiza manukato, hata nusu usiipeleke kwa broka. Demo endelea nayo usiku ukishamaliza kufunga oda, na ukipata faida ya mzigo huu ambayo kweli hauihitaji, elfu hamsini hivi, tuongee tena. Nimekutumia na picha ya ukurasa wa daftari langu uone ninavyoandika.

Mpaka naandika hapa umeona tu, hujajibu. Natumaini uko kwenye basi unaenda Kariakoo.